UZI: Tumeunganishwa na mito ya Murang'a, lakini hatujawahi kuketi na watu wa huko tukapatana

Mkazi wa Tassia (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za asubuhi. Leo ni Jumatano, siku yetu ya mgao wa maji huku Embakasi, Nairobi. Saa nane usiku nimeamshwa na mfereji. Aliyeishi upande huu anaijua hiyo sauti: unakoroma kwanza, unapiga mluzi, unatema maji kidogo ya rangi ya chai, halafu ndiyo yanakuja ya maana. Nikachukua tochi nikashuka kwenye mita. Kile kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka mbio, na ndoo niliyotega haina hata tone. Ni upepo ulikuwa unapita, na unahesabiwa. Kufikia saa kumi na moja nilikuwa nimejaza madramu mawili na mitungi sita, kisha yakakatika. Jirani wa ghorofa ya tano, mama mwenye mtoto mchanga, hakupata kitu kwa sababu presha haikumfikia. Nimempa mitungi miwili.

Jambo hili nimelifuatilia kwa miaka, na mwaka jana nilipanda hadi Ndakaini nikalitazama bwawa kwa macho yangu. Naomba tulizungumze kwa kina, kwa sababu kila kiangazi tunalalamikia mgao, na sijaona tukizungumza maji yenyewe yanatoka wapi na kwa makubaliano gani.

Wamaasai walipaita hapa mahali pa maji baridi, lakini mji ulimaliza maji yake mapema sana. Reli ilifika 1899. Kufikia 1906 tulikuwa tunavuta maji kutoka chemchemi za Kikuyu. Bwawa la Ruiru likaja 1950, na bado hapo tulikuwa kwa jirani tu. Mwaka 1956 likaja Sasumua, huko Nyandarua. Halafu tukaenda Mto Chania na kujenga mtambo wa kusafisha maji wa Ng'ethu, na mwaka 1994 likakamilika bwawa la Ndakaini, Gatanga, huko Murang'a, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Ukitazama ramani utaona jiji likikua linavuka mto mmoja zaidi kuelekea milima ya Aberdare.

Na hapa naomba msome taratibu. Nairobi iko katika bonde la Mto Athi. Chania na Thika ni mito ya bonde la Tana. Maji ambayo yangeteremka Masinga, yakazungusha mitambo ya umeme, yakapita Garissa hadi Bahari ya Hindi kule Kipini, sisi tunayakatiza juu kabisa na kuyavusha bonde. Karibu asilimia 95 ya maji ya jiji hutoka huko juu ya Tana. Kwa hiyo mtu anaposema "tuiunganishe Nairobi na mfumo wa maji wa eneo zima", mimi namjibu kwamba iliunganishwa zamani. Bomba lilikwenda. Makubaliano hayakwenda.

Mwaka 2022 ndipo lilipozinduliwa lile handaki la Northern Collector. Urefu wake ni kilomita 11.8, linachukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta upande wa Ndakaini, kisha yanasafishwa katika mtambo wa Kigoro, lita milioni 140 kwa siku. Karimenu II nayo, kule Gatundu Kaskazini, imejengwa kutoa lita milioni 70 kwa siku, nyingi zikienda Ruiru, Juja na miji ya jirani. Kabla ya hayo jiji lilikuwa likipata takriban lita milioni 525 kwa siku, na mahitaji yalikuwa yamepita milioni 800.

Sasa tazameni hesabu inayoninyima usingizi. Karibu nusu ya maji yanayosafishwa hupotea bila kulipiwa: mengine yanavuja ardhini, mengine yanaibwa. Tuseme ni asilimia 40 tu. Asilimia 40 ya milioni 525 ni lita milioni 210. Hilo ni handaki moja na nusu linalomwagika chini ya barabara zetu kila siku. Halafu tunazungumzia awamu ya pili ya handaki, tukachukue mito mingine. Kwa maoni yangu awamu ya pili isianze mpaka jiji lioneshe kwamba limeziba matundu yake, na mpaka waliolala kando ya mito hiyo wawe na mifereji yao. Nimemaliza. Karibuni.

Fundi wa Bomba

Mkubwa, umeandika vizuri, ila niongeze la ufundi, kwa sababu nimefunga mabomba jiji hili zaidi ya miaka ishirini.

Maji ya Ng'ethu hushuka yenyewe mpaka matangi ya Gigiri, hayahitaji pampu. Ndio uzuri wa mfumo ule, mlima unafanya kazi bure. Ya Sasumua nayo yanashuka hadi Kabete. Gharama inaanza pale unapotaka kuyapandisha kutoka Gigiri kwenda sehemu za juu za jiji, kwa sababu hapo ni stima. Ninyi wa Embakasi mko chini kabisa, upande wa mashariki, kwa hiyo mlima uko upande wenu. Ila mko mwishoni mwa foleni. Kabla maji hayajawafikia yamepita mitaa mingapi, na kila mtaa una watu wenye matangi ya chini ya ardhi na pampu za kunyonya kwenye laini. Pampu moja ikinyonya, wa mbele hubaki na upepo. Huo upepo uliouona kwenye mita yako ndio huo.

Mgao wenyewe ndio unaoua mabomba, na hili watu hawalijui. Bomba likikaa na maji siku zote lina raha. Ukilikausha siku sita kisha ukafungua valvu kwa nguvu usiku, hewa inabanwa mbele ya maji, maji yanagonga kona kama nyundo, na bomba la zamani linapasuka kwenye kiungo. Na likiwa tupu, uchafu wa mtaro ulio kando yake unaingia ndani kupitia tundu lile lile lililokuwa likivuja. Rangi ya chai hiyo, ndugu, usiinywe. Yaache yapite dakika tano kwanza, na ya kunywa uyachemshe.

Kwa hiyo hata ukileta handaki la pili na la tatu, ukiyamwaga Gigiri bila kujenga matangi ya akiba upande wa mashariki, na bila kuweka mita kubwa kila mtaa ili ujue yanapotelea wapi, mama wa ghorofa ya tano atabaki vile vile.

Binti Gatanga

Niruhusuni niseme kwa sababu nimezaliwa huko mnakozungumzia. Kazi yangu iko Nairobi, nyumbani ni Gatanga, na ukisimama kwenye majani chai ya mama unaliona bwawa lote, linang'aa kama bati jipya.

Mimi nimekua nikiteka maji mtoni. Bwawa lilipojaa nilikuwa mdogo, na nakumbuka tulivyofikiri kwamba sasa tumepata. Mama alisubiri mfereji miaka mingi. Kuna wakati bomba kubwa lilipita karibu sana na shamba letu hata ukiweka sikio unasikia maji yakinguruma ndani, na sisi tunapita juu yake na mitungi mgongoni, kamba imefungwa kipajini kama wanavyobeba mama zetu. Sisemi kwa hasira, Mkazi wa Tassia. Nasema ili mjue kwamba mtu wa Gatanga akisikia neno "kuunganishwa" anauliza: nani na nani?

Lile handaki lilipoanza kuchimbwa, hofu ilikuwa kubwa. Mwaka 2015 Raila Odinga alisema hadharani kwamba Murang'a itageuka jangwa. Wahandisi walijibu kwamba handaki linachukua maji ya mafuriko tu, na ya kawaida yanaachwa yaendelee na mto. Labda ni kweli. Lakini aliyeko chini ya mto hana kipimo. Anaona tu mawe ambayo mwaka jana hayakuonekana. Kama kungekuwa na ubao pale darajani unaonyesha kimo cha mto leo, na kimo ambacho hakipaswi kushuka chini yake, maneno yangepungua nusu.

Kuna zuri pia. Tangu 2015 kuna Hazina ya Maji ya Tana ya Juu na Nairobi. Wanawasaidia wakulima kuchimba matuta ya fanya juu, kupanda nyasi za nepia kwenye kingo na kuchimba vidimbwi vya maji ya mvua. Mjomba wangu alichimba matuta hayo. Udongo wake unabaki shambani, ng'ombe wanakula nepia, na mto ulio chini ya shamba siku ya mvua hauna tena rangi ya matofali kama zamani. Mnajua faida yake kwenu? Udongo ukiingia mtoni unajaza bwawa taratibu, na mtambo unatumia dawa nyingi zaidi kuyasafisha maji. Mjomba akishika jembe ni kama anafanya kazi Ng'ethu, ila hana mshahara wa huko.

Mkazi wa Tassia

Dada, asante sana. Nimesoma mara mbili. Hiyo ya kuweka sikio kwenye bomba sitaisahau.

Mwana wa Pwani, South B

Assalaam aleikum jamaa zangu. Haya mnayoyasema sisi watu wa Mombasa tumeyaishi kitambo. Mombasa hainywi maji ya kisiwa. Tunakunywa ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo, bomba la kilomita kama 220 lililoanza kuleta maji 1957. Linapita Taita Taveta yote, kwenye ukavu ule, na watu wa huko wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba wanaliona bomba tu na maji yanaelekea baharini.

Lakini kuna jingine, na hili ndilo lililonifanya niandike. Mkazi wa Tassia amesema Nairobi inachukua kwa Tana. Hakusema inakoyamwaga. Maji taka ya Nairobi yanakwenda Ruai, kwenye yale madimbwi makubwa, na yasiyofika Ruai yanaingia moja kwa moja Mto Nairobi. Mto Nairobi unaingia Athi. Athi ukifika chini unaitwa Galana, na ukikaribia Malindi unaitwa Sabaki. Na pale Baricho, kando ya Sabaki, kuna visima vinavyovuta maji kwenye mchanga wa mto huo, na hayo ndiyo yanayonywewa Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Mchanga unachuja, na yanatiwa dawa, alhamdulillahi. Njiani huko Makueni bwawa la Thwake nalo linategemea Athi huo huo.

Basi tumeunganishwa tayari, Gatanga, Tassia na Malindi. Mama yake Binti Gatanga anafua nguo kwa maji ya mto, mwenzetu wa Tassia anayapokea Jumatano, na shangazi yangu Malindi anaishi kando ya mto uliobeba mabaki. Mkitengeneza meza ya kuzungumza, msiwasahau walio chini.

Mjenzi Ruaka

Mimi nitapinga kidogo. Kwa nini jiji lisijitegemee? Mvua inanyesha hapa hapa mpaka watu wanafukuzwa na mafuriko. Visima vichimbwe, mabati yakinge, tuache mito ya watu.

Mkazi wa Tassia

Mjenzi, kwenye mabati nakuunga mkono kwa asilimia mia. Kila ploti inayojengwa leo ingepaswa kuwa na tangi la mvua, na shule na masoko yana paa kubwa zisizokinga chochote. Kwenye visima naogopa. Vimekuwa vingi mno, kina cha maji ardhini kinashuka mwaka hadi mwaka, na maji ya ardhini ya hapa yana madini ya floridi kupita kiasi sehemu nyingi. Watoto wanaokua wakiyanywa wanaota meno ya kahawia. Kisima kimoja cha jirani nilikiacha kwa sababu hiyo, nilimwangalia mwanawe akicheka. Tutumie kama akiba tu, kwa kufulia na kusafishia.

Narudi kwenye meza aliyoitaja ndugu wa Pwani. Kuna jambo lililotokea Cape Town ambalo nalipenda sana. Mwaka 2018 jiji lile lilikuwa linakauka, na kuanzia Februari kila mtu aliambiwa asizidishe lita 50 kwa siku. Mji huo na mashamba ya matunda yanayouzunguka vinategemea mfumo mmoja wa mabwawa, mengine ni ya jiji, mengine ya serikali ya taifa, yote yameunganishwa kwa mahandaki na mabomba. Mwezi huo huo, wakulima wa upande wa Grabouw na Elgin, ambao bwawa lao lilikuwa na akiba, wakalisaidia jiji: wakaachilia mita za ujazo milioni 10 ziingie kwenye bwawa la jiji. Bomba la kuyapitisha lilikuwepo. Lakini na chama cha wakulima wenye maji kilikuwepo, kinachojua kina kiasi gani na kinachoweza kusema ndiyo au hapana. Yangekuwa Gatanga, ningempigia nani simu?

Kwetu Katiba ya 2010 imetoa huduma za maji kwa kaunti, na Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Kila mtu, wa Tassia na wa Gatanga. Lakini mabwawa na mahandaki makubwa yanayovuka kaunti yako mikononi mwa wakala wa serikali kuu. Kwa hiyo Murang'a ina mito, wakala ana bomba, Nairobi ina mifereji na bili, na hakuna siku wote watatu wanaulizwa swali moja kwa pamoja. Ndiyo maana ugomvi wao unaishia kwenye fedha. Gavana wa zamani Mwangi wa Iria alitaka Murang'a ipewe asilimia 25 ya mapato ya maji yale. Watu wa Nairobi walikasirika. Mimi sikukasirika, ila nilitamani tuanze na maji kabla ya shilingi: kijiji kinachopitiwa na bomba kitolewe laini yake, kwa mita, kwa bei ile ile ninayolipa mimi. Asilimia inaweza kuliwa ikaisha kabla haijafika kwa mama wa Gatanga. Mfereji ukiwa uani kwake, anaufungua mwenyewe.

Na kiangazi kikija, mgao uwe wa wote. Mwaka 2017 mgao ulianza Januari, mvua za 2016 zilikuwa zimekataa na Ndakaini likashuka. Sisi tulijua kwa tangazo la magazetini. Bwawa linashuka wiki kwa wiki, si jambo la kushtukiza, na kimo chake kingeweza kubandikwa hata kwenye bili.

Binti Gatanga

Nimempigia mama simu, nikamsomea uzi huu kwa Kikuyu. Amesema mengi, mengine nayaacha. Alichouliza ni hiki: hao watu wa Nairobi wanaosema maji hayatoshi, wanajua yanavuja wapi kwao? Nami nikakosa jibu, nikaona niwaletee swali lenyewe.

Fundi wa Bomba

Mama ameuliza swali la fundi. Kujua ni rahisi. Siku ya maji, mkishajaza, waambie wapangaji wote wafunge mifereji. Soma mita ya ploti, andika. Kaa saa moja. Soma tena. Ikisonga, maji yanakwenda mahali ambapo hakuna mtu anayeyatumia. Anzieni boya la tangi la juu, lile linalofunga maji tangi likijaa, na vyoo, halafu mfuate bomba.

Mkazi wa Tassia

Nimerudi, wiki imepita, ni Jumatano tena. Safari hii yalikuja saa saba usiku na presha ilikuwa nzuri, mama wa ghorofa ya tano amejaza. Saa kumi nilipita mlango kwa mlango na keateka, mtunza ploti yetu, tukawaomba watu wafunge. Wengine walituona wasumbufu lakini walifunga. Nikasoma mita, nikakaa kwenye ngazi na blanketi saa nzima, nikasoma tena.

Imesonga lita 64.

Mitungi mitatu na zaidi kwa saa, na hakuna mfereji uliofunguliwa. Tulipanda juu na tochi. Boya la tangi la pili limekatika mkono, maji yanapita kwenye bomba la kufurikia, yanateremka nyuma ya ukuta hadi mtaroni, ukuta wote umeota kijani. Nimeishi hapa miaka sita na nilidhani kile kijani ni cha mvua. Keateka amempigia mwenye nyumba, boya jipya linafungwa Jumamosi, nami nitasimama pale nione.

Dada, mwambie mama kwamba kwa ploti yetu sasa tunajua. Ploti ya pili wamekubali kupima Jumatano ijayo, nimewaachia daftari.

Fundi wa Bomba

Jumamosi nitapita mwenyewe. Usiwakubali wakufungie boya la plastiki, halimalizi mwaka. Chukua la shaba.